Mama Aliyechoma Hob Tillery

Mama mkwe wangu, Bernadine Sabol, alipika chakula cha mchana cha watoto wa shule ya parokia kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna mtoto aliyewahi kuumwa tumbo. Alimzika mumewe kwa heshima, akalipia nyumba mpaka deni likaisha, na kama alimsengenya mtu, basi alikuwa na ushahidi. Ungedhani mtu wa namna hiyo atakumbukwa kwa supu yake. Lakini waulize wanaume wa mji wetu wa Lorain, Ohio, wenye umri wa mume wangu, watakwambia kitu kimoja tu: yule ndiye mama aliyechoma Hob Tillery.

Tillery mwenyewe hakuungua. Aliichezea Cleveland besiboli, akapiga mipira ambayo mpaka leo hatujui iliangukia wapi, akastaafu, akahamia Florida kuuza injini za boti, akanenepa. Kilichoungua, kwa mujibu wa mume wangu Len, ni kadi yake: kipande cha karatasi ngumu chenye picha, kilichokuwa kinapatikana ndani ya pakiti ya chingamu mwaka 1953. Watoto walinunua pakiti kwa ajili ya kadi. Chingamu yenyewe ilikuwa ngumu kama kigae.

Na moto uliwashwa kweli, hapo hakuna ubishi. Vuli ya mwaka 1967, Len akiwa Vietnam jeshini, mama yake aliingia chumbani kwake, akakusanya kila kitu cha utotoni, akakitia kwenye pipa la bati nyuma ya nyumba, akapiga kiberiti. Vitabu vya katuni, ndege za mbao, glavu iliyopasuka, na boksi la viatu lililojaa kadi. Len aliporudi mwaka uliofuata alikuta kitanda kipya na kuta zimepakwa rangi. Hakuuliza kitu. Alilala, akaamka akala, akalala tena. Tukaoana, akaingia kiwanda cha chuma kama baba yake, na kwa miaka kumi nzima ya ndoa sikumsikia hata mara moja akitaja kadi. Alitaja samaki, alitaja msimamizi wake, alitaja mgongo. Kadi, hapana.

Halafu Jumapili moja gazeti likaandika kwamba kadi ya Hob Tillery ya mwaka 1953, mwaka wake wa kwanza ligi kuu, imeuzwa mnadani kwa bei ya gari. Gari jipya, si la kuokotwa kwa fundi. Len alisoma habari ile akasimama, akaketi, akaisoma tena.

"Hii mimi nilikuwa nayo," akasema.

Tulienda kwa mama yake kabla mayai ya asubuhi hayajapoa.

"Ma, lile boksi langu la viatu liko wapi?"

"Boksi gani?"

"La kadi. Lilikuwa chini ya kitanda."

"Lenny, kitanda chenyewe hakipo, wewe unauliza cha chini yake?"

"Ulilipeleka wapi?"

"Nililichoma," akasema, huku anampakulia mkate. "Unataka siagi au jemu?"

Tangu siku hiyo hatukula tena sikukuu kwa amani. Krismasi, Pasaka, siku ya Shukrani na bata mzinga wake, hata kipaimara cha binti yetu, lazima boksi liletwe mezani. Nami niliyekuwa nikisikiliza kila mwaka niligundua ajabu moja: lile boksi, ingawa liliungua zamani, lilizidi kujaa. Mwanzo lilikuwa na Tillery mmoja. Baada ya miaka miwili likawa na Tillery wawili. Kisha wakaongezeka wachezaji wa New York, wa Brooklyn, wa Boston, kila aliyetajwa kwenye gazeti la mnada alikuwa amelala mle ndani, kona zake kali kama wembe. Boksi la viatu vya mtoto wa miaka tisa lilifikia kubeba mali ya benki. Mama mkwe wangu hakujitetea. Alisema tu, "Kula, chakula kinapoa," na Len alikula, kwa uchungu, mara nyingi sahani mbili.

Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, Len alikuwa miongoni mwao. Wenzake walihamia Texas kutafuta kazi. Yeye alichukua kiinua mgongo chake akafungua duka la kadi kwenye barabara ya Broadway, pale palipokuwa na kinyozi. Nilimwambia ningependelea Texas. Akaniambia kwamba sielewi, kwamba kizazi chake sasa kimefika umri wa kununua. Na katika hili, lazima nikiri, alikuwa sahihi. Walikuja. Wanaume wenye vitambi, wenye funguo nyingi kiunoni, wenye sauti nzito za kiwandani, waliinama juu ya kabati la kioo wakapumua taratibu kama wanaotazama mtoto mchanga. Hakuna aliyekuwa akitafuta karatasi. Kila mmoja alikuwa akitafuta kiangazi fulani, baba yake akiwa hai na redio iko dirishani.

Mama mkwe alikuwa na desturi ya kupita dukani adhuhuri na bakuli la kabichi iliyoviringishiwa nyama. Siku ya kwanza alipoingia, Len alikuwa na wateja watatu.

"Jamani," akawaambia, "huyu ndiye mama yangu."

Mmoja wao, fundi bomba kwa jina la Stosh, alivua kofia kama yuko kwenye kilio. "Ndiye aliyechoma Tillery?"

"Ndiye."

"Wangu alizipeleka jalalani," Stosh akasema. "Angalau wewe mama ulizichoma. Hazikuteseka."

Bernadine akaweka bakuli juu ya kioo, Len akaliondoa haraka akifuta mvuke. Mama akainama kutazama bidhaa. Alikuwa mwanamke aliyezoea kununua nyama, na nyama hainunuliwi bila maswali.

"Sasa hii ina nini mpaka inakuwa bei hii?"

"Ni ya zamani, Ma. Zimebaki chache."

"Chache kwa nini? Walichapa chache?"

"Walichapa mamilioni."

"Zikaenda wapi?"

Wale watatu walitazama sakafu.

"Na hii ya pembeni? Si mtu yule yule? Mbona nusu ya bei?"

"Tazama kona zake, zimelegea. Na hapa katikati ina mkunjo. Mtoto aliichezea."

"Na hii ya bei kubwa?"

"Haijaguswa. Kona nne kali, picha iko katikati sawasawa, rangi haijapauka, nyuma haina hata doa la chingamu."

"Ngoja nielewe," akasema Bernadine. "Mtoto aliyempenda huyu mchezaji, akalala naye chini ya mto, akatembea naye mfukoni, kadi yake ni takataka. Na yule aliyemtupa kwenye droo akamsahau, yake ndiyo mali."

"Sio hivyo, Ma."

"Ni vipi?"

Len alifikiri. "Ni hali ya kadi," akasema.

"Na hii yenye alama nyekundu?"

"Hiyo kiwanda kilikosea jina. Walishtuka, wakasimamisha mashine, wakarekebisha. Zilizotoka na kosa ni chache, kwa hiyo ni ghali kuliko zilizo sahihi."

"Mimi nikizidisha chumvi naitwa ofisini kwa padri," akasema, akamwachia Len bakuli, akaondoka.

Baada ya hapo akawa kivutio. Watu walitoka hata mji wa Elyria kuja kumwona. Walimwuliza kwa upole, kama wanaohoji mzee aliyeona vita: Ilikuwa saa ngapi? Zilitoa moshi wa rangi gani? Hukufungua hata kidogo kutazama? Kila mmoja alikuwa na mama yake aliyefanya vile vile, wengi walishakufa, na kwa kuwa marehemu hahojiwi, maswali yote yalimwangukia Bernadine. Alijibu yote. Mmoja alimwomba aweke saini kwenye picha ya Tillery, akaweka, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista. Len alipiga kelele kwamba ameharibu kadi. Yule mteja akasema hapana, sasa ndiyo imepanda.

Kila masika kulikuwa na soko la kadi katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, wauzaji wakitoka miji ya mbali. Mwaka mmoja tulikwenda na mama, kwa sababu alitaka kuona kama kahawa yao bado mbaya. Alikuwapo mfanyabiashara mkubwa wa Pittsburgh, Mort Gelb, mzee mwembamba aliyetembea na kioo cha kukuzia shingoni kama daktari na mpira wake wa kusikilizia moyo. Len akamtambulisha mama kwa jina lake la siku zote. Watu wakakusanyika. Stosh akaanza: kama si nyie kina mama, leo sisi sote tungekuwa matajiri.

"Haya, hesabu," Bernadine akasema. "Tuseme mimi nimetunza za Lenny, sawa?"

"Ndiyo."

"Mama yako naye katunza. Na wa huyu. Na wa yule pale mwenye fulana ya kijani. Mama wa kila mtoto Ohio nzima katunza, hata mmoja hakufagia chini ya kitanda. Leo unaingia hapa na Tillery wako mkononi. Nani anamnunua?"

Stosh alitazama kushoto na kulia, kama anayetafuta mnunuzi.

"Kila mtu anaye nyumbani," akaendelea mama. "Hiyo kadi ungefungia chumvi. Hii biashara yenu yote tumeijenga sisi kwa fagio, na hakuna aliyetununulia hata kahawa."

Mort Gelb alicheka mpaka kioo kikamgonga kifuani. "Mabwana, huyu ndiye mtu wa kwanza katika ukumbi huu kuielewa kazi yangu," akasema, akaenda kumletea kahawa. Ilikuwa bado mbaya.

Ungefikiri Len angejifunza hapo. Alichojifunza ni kununua kadi mpya kwa makatoni, za mwaka ule ule, na kuzipanga katika chumba cha chini ya nyumba yetu bila kuzifungua, ziwe pensheni. Mamilioni ya wanaume wenye akili kama yake walifanya hivyo hivyo, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake. Tunayo makatoni yale mpaka leo. Tulijaribu kuyatoa sadaka kwa hospitali ya watoto, wakatujibu kwa adabu kwamba tayari wanayo mengi.

Lakini nilitaka kusimulia habari ya Irene Timko.

Irene alikaa nyumba ya nne kutoka kwa mama mkwe. Walisali kanisa moja, wakajifungua watoto wa kiume mwaka mmoja. Andy wa Irene na Len wangu walikua pamoja kama kidole na kucha, wakaingia jeshini pamoja. Andy hakurudi akitembea. Tangu mazishi yake Irene aliendelea kusalimia, kwenda misa, kuoka mkate wa Pasaka, lakini nyumbani kwake hakukaribisha mtu zaidi ya jikoni.

Masika ya mwaka 1991 mguu wake ulivunjika kwenye ngazi, na mpwa wake akaamua ahamie katika makao ya wazee kule kando ya ziwa. Mpwa ndiye aliyempigia Len simu: njoo utazame vitu vya Andy, kuna kadi. Len alienda akiwa na hofu, maana hakuwa amekanyaga chumba kile tangu ujana. Alirudi akiwa mwekundu usoni.

Mama mkwe alikuwa jikoni kwangu siku hiyo, anaviringisha kabichi. Len hakuvua hata koti.

"Ma, katika mji huu kuna mama ambaye hakuchoma."

"Hongera zake."

"Hujanielewa. Chumba kipo kama alivyokiacha. Kitanda kimetandikwa. Chini ya kitanda boksi. Na ndani ya boksi, ya kwanza kabisa, juu ya zote, Tillery wa hamsini na tatu! Kona zake, Ma, unaweza kujikata. Picha katikati. Nyuma nyeupe. Gelb akiiona atalia. Miaka yote hiyo, hajaruhusu mtu kugusa." Akapiga meza kwa kiganja. "Huyo ndiye mama. Huyo anajua kutunza cha mtoto wake."

Bernadine alimalizia jani alilokuwa nalo, akalipanga sufuriani pamoja na mengine. Akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Nilikwenda pale wiki ya mazishi," akasema. "Irene alinishika mkono akanipeleka chumbani. Soksi za Andy ziko sakafuni. Akaniambia, 'Bernie, sitagusa kitu.' Nikamwambia usiguse. Ungemwambia nini? Halafu nikarudi nyumbani, nikafungua mlango wako."

Len alivua koti.

"Kilikuwa chumba kile kile. Kitanda cha mtoto kile kile, tulivinunua pamoja. Boksi chini yake. Ndege zenu za mbao darini. Nikasimama pale nikaona kwamba natunza chumba cha marehemu, na wewe bado unaniandikia barua unaomba biskuti. Nikasema hapana. Huyu akirudi, atarudi mwanamume, atataka kitanda cha mwanamume. Nikatoa vyote. Nikapaka rangi mwenyewe, kwa sababu baba yako alikuwa zamu. Macho yalinitoka machozi, nikamwambia baba yako ni rangi." Akafunika sufuria. "Kadi za Irene ni nzuri, sikatai. Kona zake ni kali kwa sababu mwenyewe hakurudi kuzishika."

Nilizima redio. Sijui kwa nini, ilikuwa inasema habari za hali ya hewa tu.

"Kwa nini hukuniambia?" Len akauliza.

"Uliniuliza nilizipeleka wapi. Kila Krismasi unaniuliza nilizipeleka wapi. Kwa nini nilizichoma, hujawahi kuuliza."

Kesho yake tulikwenda kwa Irene sote watatu, mama akiwa na bakuli. Irene alikuwa ameketi kwenye kiti cha Andy, mguu umefungwa plasta, boksi mapajani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ila sauti ilikuwa ile ile ya kuita watoto toka mwisho wa barabara.

"Mpwa wangu anasema hivi vina bei," akamwambia Len. "Vina bei kweli au ananipumbaza nihame?"

Hapa nilimtazama mume wangu. Muuza duka yeyote wa Broadway angekohoa, angesema vina bei kidogo, ila soko siku hizi si zuri. Len alipiga magoti mbele yake kwenye zulia.

"Bi Timko, hii moja peke yake inaweza kukulipia chumba chenye dirisha la ziwani, tena kwa miaka. Usiniuzie mimi, sina uwezo. Usimuuzie mtu yeyote atakayegonga hapa. Kuna mzee Pittsburgh anaitwa Gelb, nitampigia aipeleke mnadani."

Irene aliichukua kadi kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho ili aione. "Huyu ndiye wa yule kobe," akasema.

"Kobe gani?"

"Wewe Lenny umesahau? Andy alikuwa na kobe. Wewe ulimtaka yule kobe mpaka ukaugua. Siku mlipotoka dukani na chingamu, ukampata huyu, Andy akakwambia nipe huyo nikupe kobe. Mkabadilishana pale pale kwenye ngazi zangu. Nilimchapa Andy, maana kobe nilimnunua mimi."

Bernadine alikuwa ameshika mlango. "Kobe aliyefia kwenye beseni langu la kuogea?" akauliza.

"Huyo huyo."

"Wiki nzima nilioga jikoni kwa ajili ya yule kobe!"

Sijawahi kumwona mume wangu akipauka namna ile, na nimeishi naye kupitia kufukuzwa kazi, upasuaji na uzazi mgumu. Miaka kumi na moja ya sikukuu ilimpita usoni. Alimtazama Tillery, akamtazama mama yake, akamtazama tena Tillery, ambaye alitabasamu vile vile alivyotabasamu mwaka 1953, gongo la kupigia mpira begani, hajui atahusishwa na nini.

"Kwa hiyo mimi sikuwa naye," akasema.

"Ulikuwa naye kwa muda wa kushuka ngazi tatu," Irene akajibu.

Mama mkwe hakusema lolote. Naomba mlijue hilo, kwa sababu mimi ningesema, tena kwa sauti. Alikwenda kuketi ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa. Kitanda kikalia. Irene alishtuka kidogo kuona mtu amekikalia, halafu mabega yake yakashuka.

"Bernie," akasema, "niliuona ule moshi wako."

"Moshi upi?"

"Wa pipa. Nilikuwa dirishani hapa. Nikanusa karatasi na rangi ya mbao, nikajua unachoma vya Lenny. Nilikuchukia. Nilijua unachoma kwa sababu unategemea atarudi." Akainyoosha shuka kwa mkono, pale alipoweza kufika. "Baadaye nikakuonea wivu. Kila Jumamosi, mwenzangu, kila Jumamosi napangusa vumbi humu. Mwaka wa kwanza nilipangusa kwa ajili yake. Halafu sijui kwa ajili ya nani. Nilikuwa nangoja mtu aje aniambie basi, inatosha, lakini watu wana adabu sana."

"Inatosha, Irene," akasema Bernadine.

Irene akalia, lakini si kwa muda mrefu. Kisha akataka kujua kuna nini ndani ya bakuli.

Gelb alikuja kwa gari mwenyewe, akaitazama kadi kwa kioo chake kwa muda mrefu, na hakulia kama Len alivyotabiri, aliomba maji. Alieleza kwamba kadi nyingi za wakati ule zilifia kwenye spoki za baiskeli, watoto walikozibana ili zipige kelele, na mifukoni mwa suruali siku ya kufua. "Ingebaki kwako hata mpaka jioni," akamwambia Len, "tusingekuwa hapa." Andy alikuwa mtoto wa kunawa mikono. Aliiweka boksini akaitazama Jumapili tu, kama mtu anayekwenda misa.

Mnadani waliandika maneno ambayo Len alinisomea: *Mmiliki mmoja tangu mwanzo. Haikuguswa kwa zaidi ya miaka ishirini. Hali ya nadra mno.* Wataalamu waliipima, wakaipa alama ya juu, wakaifungia ndani ya plastiki ngumu isiyofunguka. Aliyeinunua ni daktari wa meno wa Arizona, ambaye, kwa maelezo ya Gelb, aliipeleka moja kwa moja kwenye sanduku lake la benki na hajaitazama tena. Bei iliyolipwa sitaitaja, maana mpwa wa Irene bado yupo hai na ana marafiki. Ilitosha dirisha la ziwani.

Kadi nyingine za boksi Irene alimpa Len bure. Nyingi zilikuwa za wachezaji wasiojulikana, wale wanaoshika nafasi msimu mmoja kisha wanarudi kuuza bima. Len alizipeleka dukani akaziweka kwenye trei karibu na mlango, watoto wachague wapendavyo, na alikuwa akifumba macho walipozitia kwenye mifuko ya nyuma.

Dukani aliendelea kumtambulisha mama yake. Watu walikuwa wamezoea, asingefanya hivyo wangedai. Siku moja Stosh akaanza tena na habari za Tillery na pipa, Len akamkata.

"Hakuchoma Tillery. Tillery nilimtoa mimi, kwa kobe."

Stosh alitafakari. "Kobe wa aina gani?"

"Wa kawaida."

"Usimwambie mtu," Stosh akamshauri. "Hadithi ya moto ni nzuri zaidi." Na kweli, ya moto ndiyo iliyobaki mjini.

Irene alihamia makao yake ya ziwani mwezi wa sita. Jambo ambalo hakuna aliyelitegemea ni kwamba maishani mwake hakuwahi kuuelewa mchezo wa besiboli. Alikuwa amepangusa vumbi la watu ambao hakujua wanafanya nini. Basi Len akaanza kwenda Jumapili mchana, wanatazama Cleveland kwenye televisheni, anamweleza. Kufika mwezi wa nane Irene alikuwa anamtukana mwamuzi kwa Kislovakia, lugha ya wazazi wao, maneno ambayo mama mkwe alikataa kunitafsiria. Kocha akibadilisha mrusha mpira mapema, alitaka simu ampigie.

Bernadine alikuwa akienda nao, anakaa kando na ufumaji wake, amenuna.

"Karibu miaka hamsini ni mwanangu," aliniambia siku moja kwenye gari, Len akiwa anasikia kabisa, "hajawahi kunieleza hata kwa nini wanakimbia kwa mduara. Irene mguu mmoja tu umevunjika, anafundishwa kila kitu."

"Ma, wewe hukuwahi kuuliza," Len akasema.

"Nani kakwambia nataka kujua?" akajibu, akamwamuru aendeshe taratibu, kwani alikuwa na sufuria mapajani.